Uzoefu wangu na kadi ya Doctor Doom katika mchezo wa Marvel Snap

Kwa mtu anayeangalia namba peke yake, kadi ya Doctor Doom, yule mtawala mwovu wa hadithi za Marvel, katika mchezo wa kadi wa Marvel Snap haistahili bei yake. Inagharimu nishati 6, yaani nishati yote anayokuwa nayo mchezaji katika zamu ya mwisho, na nguvu iliyoandikwa kwenye kona yake ni 5 tu, ilhali Hulk, anayegharimu kiasi hichohicho, anaingia uwanjani na nguvu 12 bila sharti lolote. Hata hivyo, miongoni mwa kadi za gharama 6 nilizozitumia, hii ndiyo ambayo haijawahi kutoka katika seti yangu kuu, kwa sababu inamvuruga mpinzani hesabu katika maeneo matatu kwa mpigo mmoja, wakati ambapo nafasi ya kuzirekebisha hana tena.

Kwa wasioufahamu mchezo huu wa simu, ambao ulitoka rasmi Oktoba 2022 ukiwa umetengenezwa na kampuni ya Marekani iitwayo Second Dinner, kila mchezaji huja na seti ya kadi 12 zisizojirudia. Uwanja una maeneo matatu, na kila upande unaruhusiwa kuweka kadi zisizozidi nne katika eneo moja. Nishati huanza 1 na kuongezeka moja kila zamu mpaka kufikia 6, na mshindi ni yule ambaye jumla ya nguvu zake imezidi katika maeneo mawili. Wachezaji wote wawili huweka kadi zao kwa siri katika zamu ileile, kisha kadi hufunuliwa. Doom anapofunuliwa, huongeza roboti aitwaye DoomBot, mwenye nguvu 5, katika kila eneo ambalo yeye mwenyewe hayupo. Kwa hiyo ile nguvu 5 iliyoandikwa kwenye kadi ni theluthi moja ya mambo: unalipa nishati 6 na kupata nguvu 15, zilizotawanywa kama mchezaji wa bao anavyosambaza kete mashimoni.

Mfano wa mchezo mmoja utaeleza vizuri zaidi. Tuseme tunaingia zamu ya 6, eneo la kushoto mimi nina 9 na mpinzani ana 12. Katikati nina 7 naye ana 10. Kulia ninaongoza kwa 14 dhidi ya 6. Nikiwa na Hulk mkononi, inanibidi nibuni ni eneo lipi kati ya yale mawili mpinzani hataliongezea nguvu, na nikibuni vibaya nimepoteza. Nikiwa na Doom, kushoto napanda hadi 14, katikati hadi 12, na kulia hadi 19. Mpinzani akitupa kadi ya nguvu 12 kushoto, anafika 24 na kulichukua eneo hilo, lakini katikati nimempita kwa 2 na kulia hanifikii. Akiipeleka hiyo kadi katikati, nachukua kushoto. Ili aokoke inampasa aongeze nguvu katika maeneo yote mawili kwa kiwango kinachotosha, jambo ambalo wengi hawana kadi wala nishati ya kulifanya, hasa kama nishati yote ameitia katika kadi moja kubwa.

Watu wengi humtupa Doom popote penye nafasi wakidhani kwamba matokeo ni yaleyale, kwa kuwa kila eneo litapata 5 tu. Kwa jumla ya nguvu ni kweli, lakini eneo analowekwa Doom mwenyewe ndilo linaloamua kama roboti watatokea. Akiwekwa mahali alipo Cosmo, yule mbwa mwanaanga wa Kirusi ambaye uwezo wake huzima athari zote za kufunuliwa, yaani zile zinazotokea kadi inapofunuliwa, katika eneo alilopo, roboti hawaji kabisa, na mtawala mzima wa nchi anabaki na 5 zake mbele ya mbwa. Lakini Doom akiwekwa kwingine, roboti wake huingia hata katika eneo la huyo Cosmo bila kizuizi, maana athari imeanzia nje. Vivyo hivyo kwa eneo liitwalo Knowhere, ambalo huzima athari za kufunuliwa: usimweke Doom hapo, waache roboti ndio waende. Kinachonifurahisha kuliko yote ni Sanctum Sanctorum, eneo ambalo kadi haziruhusiwi kuchezwa. DoomBot hachezwi, anaongezwa, kwa hiyo anaingia humo na mara nyingi anashinda peke yake kwa 5 dhidi ya 0, huku mpinzani akiwa alishalihesabu eneo hilo kuwa sare.

Kama kadi ya mhusika mwovu, naiona kuwa miongoni mwa zilizosanifiwa kwa akili zaidi. Victor von Doom, aliyebuniwa na Stan Lee na Jack Kirby na kuonekana mara ya kwanza mwaka 1962, ni mtawala wa nchi ya kubuni ya Latveria, mtu wa barakoa ya chuma na joho la kijani, ambaye ana tabia ya kuwatuma roboti wanaofanana naye mahali ambapo hataki kwenda mwenyewe. Kadi imeihamisha tabia hiyo kwenye mchezo bila maelezo marefu. Thanos naye katika mchezo huu huleta mawe yake sita ndani ya seti, na Galactus huangamiza maeneo, lakini hao wanadai seti nzima ijengwe kwa ajili yao. Doom anaingia katika seti ya mtu yeyote na anabaki kuwa Doom.

Akipata wasaidizi anatisha zaidi. Njia ninayoipenda ni ya Electro na Odin. Electro akichezwa zamu ya 3 huongeza kiwango cha nishati kwa 1, kwa gharama ya kukubana ucheze kadi moja tu kila zamu, na kwa sababu hiyo Doom anaweza kutua zamu ya 5. Zamu ya 6 anaingia Odin katika eneo lilelile, naye huamsha upya athari za kadi zako zilizopo hapo, kwa hiyo roboti wengine wawili wanazaliwa. Kila eneo jingine sasa limepata 10 kutokana na Doom peke yake, na pale alipo yeye pana 5 zake na 8 za Odin. Njia ya pili ni Wong, ambaye hufanya athari za kufunuliwa katika eneo lake zitokee mara mbili. Ukimweka Wong zamu ya 4 na Doom akamfuata hapohapo zamu ya 6, matokeo yanafanana. Mimi siipendi sana hii ya pili. Wong akishaonekana mezani, mpinzani mwenye uzoefu anajua kinachokuja, na kama ana Cosmo atamweka hapo bila kusita.

Udhaifu upo. Mkono wa kwanza una kadi tatu na kila zamu inaongeza moja, maana yake mpaka zamu ya 6 umeona kadi 9 kati ya 12, hivyo mchezo mmoja katika kila minne Doom hafiki mkononi kabisa iwapo seti yako haina njia ya ziada ya kuvuta kadi. Anayemtegemea yeye pekee kumaliza mchezo atateseka. Pia hawezi kuokoa eneo ulilozidiwa kwa nguvu nyingi: ukiachwa nyuma kwa 8 katika maeneo mawili, Hulk angekurudishia walau moja, Doom hakurudishii hata moja. Aidha, roboti anahitaji kiti. Eneo ambalo upande wako umejaa kadi nne halimpokei, na wapinzani wanaomtumia Green Goblin, ambaye huhamia upande wa adui na kukaa huko na nguvu hasi, au Debrii, anayemwaga mawe katika maeneo, hukujazia nafasi kabla hujafika mwisho. Professor X naye hufunga eneo lake kabisa, na roboti hawamwingilii. Kwa upande mwingine, Shang-Chi, ambaye huteketeza kadi za adui zenye nguvu 10 au zaidi katika eneo lake, hana la kumfanya Doom wala roboti wake, ilhali Hulk ni mlo wake wa kila siku.

Jambo ambalo sikulitarajia ni jinsi kadi hii inavyomsaidia mtu katika suala la dau, yaani michemraba ambayo wachezaji huishindania katika kila mchezo. Kila mchezaji anaweza kulizidisha dau mara mbili mara moja tu, na mwisho wake ni michemraba 8. Ukijitoa mapema unapoteza kidogo. Ukiwa na Doom mkononi katika zamu ya 5, unajua kwa uhakika kwamba kila eneo lisilofungwa na lenye nafasi litapanda kwa 5, na kwa hiyo unaweza kupiga hesabu ya kujitoa au kupandisha dau bila kukisia kadi yako itaangukia wapi. Mimi hupandisha nikiwa nyuma kwa 3 au 4 katika maeneo mawili, maana mpinzani aliye mbele kila mahali huwa hakimbii. Nikiwa tayari ninaongoza sipandishi, kwa kuwa hapo wengi hujitoa na Doom ananiletea mchemraba mmoja tu.

Baadaye iliongezwa kadi ya Doom 2099, ambayo humleta roboti wa aina yake kila mwisho wa zamu uliyocheza kadi moja pekee, na roboti hao huwaongezea DoomBot wengine pamoja na Doom mwenyewe nguvu 1 kila mmoja. Wawili hao wanakaa vizuri katika seti moja, kwani Doctor Doom wa zamu ya 6 tayari ni kadi moja kwa zamu. Lakini si lazima umpate huyo ndugu yake ndipo umfurahie. Kwa mchezaji mpya anayeuliza aanze kutafuta kadi gani ya gharama 6, ningemwelekeza kwa Doom kabla ya Odin: Doom anafanya kazi hata akiwa peke yake mezani, ilhali Odin asipokuta kadi yenye athari ya kurudia, anabaki kuwa mzee mwenye nguvu 8.