Chupa ya uji ya lita 1.8: tathmini ya mke wa askari baada ya Ramadhani mbili

Mume wangu ni sajenti wa usalama barabarani hapa Tanga, na katika miaka 14 ya ndoa yetu sikumbuki Ramadhani aliyofuturu nyumbani zaidi ya siku 10, kwa kuwa saa ambayo watu wanakimbilia majumbani kwao ndiyo saa ambayo barabara inamhitaji. Chupa hii ya chuma kisichoshika kutu niliinunua kwa shilingi 45,000 katika duka la vyombo Ngamiani, na ninaitathmini kwa kazi moja tu, yaani kumfikishia baba watoto uji wa futari ukiwa bado wa moto.

Ya zamani ilikuwa ya kioo ndani. Siku moja gari la doria liliruka tuta, kioo kikapasuka, naye alipofungua kizibo Magharibi akakuta uji umejaa vigae. Alifuturu kwa maji na tende mbili, akaendelea na zamu hadi saa 4 usiku. Niliumia sana siku ile. Chuma hakina hatari hiyo, na katika kutunza joto hakiachwi mbali na kioo, kwani kanuni ni ile ile aliyoigundua James Dewar mwaka 1892: kuta mbili zilizotolewa hewa katikati, ili joto likose njia ya kutokea. Uji ninaoufunga saa 10 jioni humfikia saa 12 na nusu ukifuka mvuke. Kwa daku lakini, ukikaa usiku kucha, usiutie tui, maana tui huchacha hata kwenye chupa nzuri.

Kizibo ndicho kilichonifurahisha zaidi. Trafiki huvaa nyeupe, na doa la uji wa pilipili manga kwenye sare nyeupe nalijua mimi ninayeifua. Tangu tuanze kutumia chupa hii sijafua hata moja. Ujazo nao unatosha vikombe sita, jambo lisilo dogo, kwa sababu wenzake wawili Wakristo ndio wanaomshikia barabara anapotandika mkeka kusali, na hawezi kunywa peke yake mbele yao. Sikukuu ya Krismasi yeye ndiye huomba zamu ili wao waende kanisani na familia zao.

Adhana inapoanza hupiga simu, nami huiweka sauti ya juu mkekani, kati ya mihogo na kaimati. Binti yetu mdogo husoma dua ya kufuturu, kisha watoto hunyamaza hadi wasikie uji ukimiminwa kule aliko, ndipo nao wanyooshe mikono kwenye tende.

Kasoro ninazo mbili. Mdomo wake ni mwembamba, hauingizi mkono, hivyo ni lazima uwe na brashi ya mpini mrefu. Na mpira wa kizibo hushika harufu ya hiliki, ambayo huondoka ukilowekwa kwenye maji ya ndimu usiku mzima. Rangi imechubuka ubavuni, lakini joto halijapungua.

Ukienda kununua, mwombe muuzaji aijaze maji, aifunge, kisha uilaze juu ya karatasi kavu kwa dakika tano ukiwa hapo hapo dukani. Muuzaji wangu alinikubalia bila kinyongo, na karatasi haikulowa.