Uzoefu wangu na kliniki ya vipimo na virutubisho kwa wenye sonona

Huduma ninayoieleza ni ya kliniki inayopima damu na mkojo wa mtu mwenye sonona, kisha ikampangia vitamini na madini kulingana na majibu. Nilikwenda huko nikiwa tayari natumia dawa niliyoandikiwa na daktari wa magonjwa ya akili, dawa iliyokuwa imenitoa katika kukata tamaa lakini ikaniacha na uchovu ambao usingizi haukuuondoa.

Vipimo vilivyomo katika kifurushi ni vya aina mbili, ingawa kliniki yenyewe huviuza pamoja kana kwamba vina uzito sawa. Vya kwanza ni vile ambavyo daktari yeyote anaweza kuviagiza: picha kamili ya damu, homoni ya TSH inayoonyesha utendaji wa tezi ya thairoidi, feritini inayopima akiba ya madini ya chuma, vitamini B12, foleti (vitamini B9) na vitamini D. Vina maana kubwa, kwa kuwa tezi ikilegea au B12 ikipungua, mtu huweza kupata uchovu, usahaulifu na huzuni isiyo rahisi kuitofautisha na sonona yenyewe. Kwangu, feritini na B12 zilikuwa chini ilhali himoglobini ilikuwa ya kawaida, na bila shaka ndiyo sababu hakuna aliyekuwa ameshuku lolote hapo awali. Kwa ugunduzi huo peke yake, sijutii kwenda.

Aina ya pili ndiyo inayoipa kliniki jina lake: histamini (kemikali ya mwili inayohusika pia na mzio) katika damu, uwiano wa shaba na zinki, na kemikali iitwayo pairoli katika mkojo. Nadharia inayotumika inatokana na kazi ya Carl Pfeiffer na, baada yake, William Walsh, wote watafiti wa Marekani. Niliambiwa kwamba histamini yangu iko juu, kwamba hiyo ni dalili ya methilesheni hafifu (methilesheni ni mchakato wa kikemia ambao mwili huutumia katika kazi zake nyingi), na kwamba niepuke foleti. Hapo nilisita, kwa sababu wapo madaktari wa akili ambao huwaongezea baadhi ya wagonjwa aina maalumu ya foleti ili dawa ya sonona ifanye kazi vizuri zaidi. Ama ugonjwa wa pairoli, unaodaiwa kutokana na wingi wa kemikali hiyo mwilini na ambao mjadala wake ulianza miaka ya 1960, tiba ya kawaida haiutambui hadi leo.

Mpango wa vidonge ulikuwa mrefu, nao ulikuwa na vitamini B6 na zinki kwa viwango vya juu. Daktari wangu alivipunguza mara moja: B6 nyingi ikitumika kwa muda mrefu hudhuru neva na kuleta ganzi miguuni na mikononi, na zinki ikizidi huzuia mwili kufyonza shaba, jambo linaloweza kuishia katika upungufu wa damu. Isitoshe, vidonge hivyo viliuzwa na kliniki ileile iliyosoma majibu yangu, mpangilio ambao hauniridhishi hata kidogo. Maelezo yao kuhusu vitamini D pia yalitia chumvi; utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2020, wenye washiriki zaidi ya 18,000 waliofikia umri wa miaka 50 na kuendelea, haukuonyesha kwamba uniti 2,000 kwa siku huwakinga watu na sonona.

Wahudumu, kwa upande wao, ni makini. Kabla ya kutoa damu niliulizwa kama natumia biotini, vitamini B7, ambayo huweza kupotosha kipimo cha tezi, na nilionywa waziwazi nisiache dawa yangu ghafla wala kuichanganya na 5-HTP, kirutubisho kinachouzwa kwa ajili ya kuinua hali ya moyo.

Baada ya miezi kadhaa ya madini ya chuma na B12, uchovu ulipungua kwa kiasi ambacho watu wa nyumbani walikiona kabla yangu. Sonona haikuondoka, bado natumia dawa na bado namwona mshauri nasaha, ila sasa nina nguvu ya kufanya mazoezi anayonipangia. Kliniki imenitumia mwaliko wa kurudia kifurushi chote, nami nimechagua kurudia feritini na B12 tu, katika maabara ya kawaida, kwa maagizo ya daktari wangu.