Kibodi ya kuchapia kutwa nzima: ipi ununue ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Ingia kwenye steshenari yoyote jirani na chuo, iwe Iyunga au Mkwawa, msimu wa kukusanya tafiti, uangalie kibodi iliyo mbele ya mchapaji. A imefutika. I na N zimefutika au ziko njiani. Q na X zinasomeka vizuri kabisa. Ndivyo Kiswahili kinavyoila kibodi. Andika "wanafunzi wanaandika barua": herufi 24, na nane kati yake ni A. Na A inabonyezwa na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho ndicho dhaifu kuliko vyote.

Miongozo mingi ya kibodi za kimakanika, yaani zile zenye swichi chini ya kila batani, imeandikwa na watu wanaochapa Kiingereza, na kwao herufi inayotumika zaidi ni E, ambayo inabonyezwa na kidole cha kati chenye nguvu zake. Wengine wameiandika wakiwaza gemu. Ndiyo maana mtu anaweza kuisifia swichi nzito na asione tatizo lolote. Hapa nimezipanga kibodi hizo kwa kigezo kingine: mtu anachapa Kiswahili kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jioni, je, kile kidole cha A kitakuwa na hali gani? Taa za rangi, ambazo muuzaji atakuonyesha kabla ya kitu kingine chochote, sijazipa alama hata moja.

Kama kazi yako ni kujibu barua pepe mbili tatu na kujaza fomu, acha. Kibodi ya kawaida yenye mpira ndani, mfano Logitech K120, inakutosha, na hela inayobaki nunua kiti. Nusu ni utani, nusu ni kweli. Meza nyingi za steshenari zetu ni kaunta za duka zilizogeuzwa meza za kompyuta: ziko juu, kiti kiko chini, na mchapaji anainua mabega siku nzima. Viwiko vikae usawa wa kibodi, mkono upinde pembe mraba, viganja visielekee juu. Kiti kikishapanda na miguu ikaning'inia, weka kitu chini yake; hata kreti ya soda inafaa. Bila hayo, kibodi ya bei yoyote haitakusaidia.

Ndani kuna nini

Kibodi ya kawaida ina karatasi laini za plastiki na vikombe vya mpira juu yake. Ili herufi itoke, lazima uukandamize mpira mpaka chini. Ya kimakanika, kila batani ina swichi yake yenye springi na vyuma viwili vinavyogusana. Kwenye swichi za kawaida batani inashuka milimita 4, lakini herufi inatoka ukifika milimita 2. Nusu ya safari tu. Huna sababu ya kugonga chini. Nafuu yote iko hapo, na hapo hapo ndipo wengi wanapoipoteza: mikono iliyozoea mpira inaendelea kugonga kwa nguvu ileile, kisha mtu analalamika kwamba ametupa hela. Jipe muda wa kuifundisha mikono kugusa badala ya kugonga.

Muundo wa swichi unaoigwa na wengi ni MX wa kampuni ya Cherry ya Ujerumani, wa miaka ya 1980. Hataza yake, yaani haki ya kuutengeneza peke yake, ilipoisha, viwanda vya China kama Gateron, Kailh na Outemu vikatengeneza swichi za umbo lilelile, bei ikashuka mpaka watu wa kawaida wakaanza kuzigusa.

Rangi za swichi ndizo zinazokuambia utabonyeza nini. Nyekundu inashuka moja kwa moja bila kikwazo, na inahitaji nguvu ya gramu 45 hivi. Kahawia ina kijinundu kidogo njiani kinachokuambia herufi imetoka, na inataka kama gramu 55. Bluu ina kinundu na mlio wa "tik", na inafika kama gramu 60. Gramu kumi na tano za tofauti kati ya nyekundu na bluu unaziona ndogo ukijaribu dukani kwa dakika moja. Ukishachapa sura nzima ya tasnifu kidole cha A kitakuambia chenyewe.

Kwa hiyo nyekundu kwanza. Kahawia ni chaguo zuri kwa anayetoka kwenye mpira na anataka kusikia kitu chini ya kidole. Bluu usiipeleke ofisini. Hata kama wewe unaipenda, mwenzako wa meza ya pili hajaiomba. Kuna pia nyekundu ya kimya, iliyowekewa vipande laini vya kupunguza kishindo, nzuri kwa anayechapa usiku watoto wamelala. Ya fedha iachie wacheza gemu: herufi inatoka kwenye milimita 1.2, yaani ukipumzisha vidole tu tayari umeandika "aaaa".

Baridi na vumbi

Mbeya iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe na Makete ndiyo usiseme. Asubuhi ya mwezi wa sita au wa saba vidole vinakakamaa, na vidole vilivyokakamaa vinagonga kwa nguvu kuliko kawaida. Hiyo ni sababu nyingine ya springi laini. Pia ni sababu ya kutoiparamia kibodi yenye mwili mzima wa aluminiamu, hata kama kwenye picha inavutia. Chuma kilicholala ofisini usiku kucha kinanyonya joto la viganja saa nzima ya kwanza, na nyingine, kama Keychron Q6, zina uzito wa zaidi ya kilo mbili. Plastiki inatosha.

Vumbi la kuanzia mwezi wa nane mpaka mvua zianze linaingia kila mahali. Uzuri wa kibodi hizi ni kwamba batani zinachomoka: unazivuta kwa kikoleo kinachokuja ndani ya boksi, unapiga brashi ya rangi iliyo kavu, unarudisha. Ukipata yenye swichi za Kailh Box, chukua. Zile zina kuta ndogo zinazozunguka sehemu ya kugusana, hivyo vumbi na unyevu havifiki kirahisi.

Mpangilio wangu

Nafasi ya kwanza naipa Keychron C2, yenye swichi nyekundu, toleo la swichi za kuchomoa. Ni kibodi kamili, ina namba pembeni, na ina waya. Namba pembeni zinadharauliwa sana na wapenda kibodi za mtandaoni, lakini mwambie hivyo mhasibu wa SACCOS, au mwalimu anayeingiza alama za kidato cha pili mikondo minne. Waya nao si ushamba: kompyuta ya mezani umeme ukikatika inazima na kibodi isiyo na waya haina cha kukusaidia, na betri ni kitu kimoja zaidi cha kuharibika. Waya wenyewe unachomoka na ni wa USB-C, kwa hiyo ukikatika unanunua wa simu.

Lakini kilichoifikisha juu ni zile swichi za kuchomoa. Siku A itakapoanza kuandika mara mbili au kugoma, na itakuwa A kabla ya nyingine yoyote, hupeleki kibodi kwa fundi. Unachomoa swichi ya batani usiyoitumia kabisa, unaihamishia kwenye A, kazi inaendelea. Unaweza hata kuagiza swichi chache nyepesi zaidi, kama Gateron nyeupe ya gramu 35 hivi, ukaziweka kwenye A na batani nyingine za kidole cha mwisho, zilizobaki ukaziacha na 45. Kasoro yake ni unene. Mbele iko juu, viganja vinapinda, kwa hiyo inataka kiegemeo cha viganja. Fundi seremala atakukatia kipande cha mbao chenye urefu wa kibodi, kilichopigwa msasa ukingoni, na kitadumu kuliko cha sponji. Vile vimiguu vya nyuma viache vimekunjwa. Vinainua kibodi upande usiotakiwa.

Ya pili ni Logitech MX Mechanical, iliyotoka mwaka 2022. Ni fupi kwenda juu, na swichi zake ni za kimo kidogo, hivyo viganja vinakaa karibu na meza bila kiegemeo. Kwa anayehama kutoka batani za laptopu hii ndiyo itakayomsumbua kidogo kuliko zote, na kama viganja vyako ndivyo vinavyouma zaidi ya vidole, ipandishe iwe ya kwanza. Inaunganishwa na vifaa vitatu, na betri inakaa hadi miezi 10 ukizima taa, siku 15 ukiziwasha. Zima taa. Kinachoiangusha nafasi moja ni bei, na kwamba swichi hazichomoki. Swichi ya A ikifa, unahitaji mtu mwenye mkono mzuri wa kulehemu.

Nafasi ya tatu wanagawana Keychron K2 na Royal Kludge RK84, zote batani 84, bila namba pembeni, na mishale ipo. Hizi ni za anayebeba: mwanafunzi wa Mzumbe au TEKU, mwandishi wa habari anayezunguka, mtu anayefanya kazi nyumbani Uyole leo na kesho yuko Tukuyu. RK84 kwa kawaida ni nafuu zaidi na swichi zake zinachomoka. K2 imekaza vizuri zaidi, haitetemeki. K2 ni nene, kiegemeo ni lazima.

Ya nne, Redragon K552. Nimeiweka hapa kwa sababu Marekani inauzwa chini ya dola 50, na ni ngumu. Mara nyingi inakuja na swichi za bluu za Outemu, kwa hiyo nzito na yenye kelele. Uliza kama ipo yenye nyekundu. Kwa steshenari yenye wachapaji watatu wanaopokezana na kahawa zao pembeni, ni kibodi ya kufanyia kazi bila kuihurumia.

Ya mwisho ni ndogo zile za batani 61, kama RK61. Zinapendeza, zinaingia kwenye pochi, na hazifai kwa kazi ya nyaraka. Mishale haina batani zake, Delete haina batani yake, ukisahihisha aya unashikilia batani ya Fn kila baada ya maneno mawili. Utachoka mikono kwa sababu nyingine kabisa.

Nje ya orodha nimeacha zile zilizogawanyika vipande viwili, kama Kinesis Advantage360, ya zaidi ya dola 400. Aliyekwisha anza kupata ganzi vidoleni usiku aende hospitali kwanza. Kibodi si dawa. Baada ya hapo, akishauriwa, na hela ipo, aiangalie.

Dukani

Mwanjelwa au Kabwe utaambiwa, "Chukua hii bosi, ina taa saba." Mwombe ichomekwe kwenye kompyuta. Laza vidole vyote kama unavyochapa, kisha bonyeza A peke yake mara nyingi mfululizo bila kuinua kiganja. Hapo ndipo utajua. Halafu gonga batani ndefu ya nafasi, Enter na Backspace pembeni, si katikati; zikilia kama zimelegea, zimelegea. Ukibonyeza batani ya ritifaa, ile alama ya kuandikia ng', kidole cha mwisho cha kulia kisijikunje kuitafuta. Uliza pia batani ni za plastiki gani: ABS huanza kung'aa kwa mafuta ya vidole, PBT hukaa na ukavu wake kwa muda mrefu zaidi.

Za mtumba kutoka Ulaya ziangalie mpangilio kabla ya bei. Za Ujerumani zimebadilishana Y na Z, na hebu fikiria Kiswahili bila kuzipata "ya" na "za" mahali pake. Za Ufaransa A iko ilipo Q. Programu ya kompyuta inaweza kurudisha mpangilio uliouzoea, ila maandishi juu ya batani yatabaki yanakudanganya, na mchapaji mgeni akikaa hapo atavuruga kila kitu. Za Uingereza hazina shida kubwa, isipokuwa @ na alama za kunukuu zimebadilishana nafasi.

Ukiikosa hapa, itatoka Kariakoo kwa basi. Ukiagiza nje ya nchi, weka kwenye hesabu usafiri na VAT ya asilimia 18 kabla hujafurahia bei uliyoiona. Kwa ya Dar, mwambie muuzaji akutumie video akibonyeza batani moja moja na herufi zikionekana kwenye skrini, kabla hujatuma hela. Kifurushi kikifika stendi, nenda na laptopu, au simu yenye kiunganishi cha OTG, kile cha kuchomekea USB kwenye simu. Simu nyingi za Android zinaitambua kibodi ya waya papo hapo. Fungua boksi mbele ya wahudumu wa mizigo, jaribu herufi zote na namba zote, ndipo usaini.