Tumegeuza pakiti zote leo: kipi ni vegani kweli, kipi kina maziwa ndani

Haya jamani mambo vipi, karibuni tena jikoni kwangu. Leo sipiki, leo tunasoma. Hii meza mnayoiona imejaa vitu vya duka la Mangi hapa chini na vingine nimevifuata Kisutu asubuhi, vyote ni vya kila siku tu, biskuti, mkate, kirimu ya chai, pipi za mtoto, juisi, bia moja ya shemeji yenu, maana kila wiki mnaniuliza dada hiki nakula au sili, sasa badala ya kumjibu mmoja mmoja tuvigeuze vyote pamoja tuone nyuma pameandikwa nini.

Kabla sijafungua chochote. Vegani sio mtu asiyekula nyama tu, jamani hapa ndo wengi wanapojikwaa. Neno lenyewe lilizaliwa Uingereza mwaka 1944, kina Donald Watson, na hao watu nyama walikuwa wameshaacha tayari, kilichowatenga na wenzao ni maziwa na mayai. Kwa hiyo tukisema vegani ni hakuna nyama, samaki, maziwa, yai, asali, samli, basi.

Tuanze na biskuti. Hapa mbele kuna nukta ya kijani ndani ya kiboksi cha kijani, mnaiona? Ngoja nisogeze kamera... hiyo. Bidhaa za kutoka India zinayo kwa sababu sheria yao inawataka waiweke, na nimeshaona watu wakiona tu kijani wanatia kwenye kikapu hawaulizi. Hiyo nukta inasema hakuna nyama, hakuna samaki, hakuna yai. Maziwa yanaruhusiwa, asali inaruhusiwa. Nageuza nyuma, unga wa ngano, sukari, mafuta ya mawese, na hapa mwishoni kabisa milk solids, yaani maziwa ya unga. Imeanguka. Lakini ile sentensi ya chini inayosema may contain milk isikutishe, hiyo ni tahadhari kwa wenye mzio kwamba mashine moja inatengeneza na vitu vingine, sio kwamba wameweka maziwa.

Na stempu ya halali ni hivyo hivyo, inaangalia hakuna nguruwe, hakuna pombe, na mnyama amechinjwa inavyotakiwa. Hizi pipi za kutafuna ni halali kabisa na zina gelatini ya ng'ombe, gelatini ni ngozi na mifupa vimechemshwa mpaka vikatoa ule mlendalenda unaofanya pipi ivutike. Muislamu anakula kwa amani, vegani hali. Hizi zingine ngumu zinazong'aa angalieni E904, hizi namba za E ni za viongezeo vya chakula, ule mng'ao ni utomvu wa wadudu, na E901 ni nta ya nyuki.

Sasa hii. Kirimu ya unga ya kuweka kwenye chai na kahawa. Jina silitaji, ila mbele wameandika kwa herufi kubwa kabisa non-dairy, yaani haina maziwa, na mimi nikaamini nikainywa miezi minne mizima asubuhi na jioni, mpaka siku moja niko kwenye foleni ya umeme sina cha kufanya nikaigeuza. Sodium caseinate. Hiyo ni kasini, protini ya maziwa ya ng'ombe. Nilikaa kimya nyumba nzima wakaniuliza nini, na nyie mnaweza mkasema si kijiko tu dada, lakini mimi maziwa niliyaacha kwa sababu nimekulia Marangu kwa bibi, ng'ombe wetu alikuwa bandani anakatiwa majani, na kila akizaa ndama anafungwa upande wa pili wa ukuta ili tukamue, usiku unawasikia wanaitana, huyu analia huku yule anajibu kule. Ile sauti haijawahi kunitoka. Kwa hiyo nikisema siweki maziwa kwenye kikombe changu naomba yule anayeniuzia aniambie ukweli mbele ya pakiti, sio nyuma kwa herufi za sisimizi. Maneno ya kukariri ni haya, casein, caseinate, whey, lactose, yote maziwa. Piga picha ya nyuma ya pakiti halafu vuta kwa vidole, macho yasikudanganye.

Rangi nyekundu nayo nataka tukae nayo kidogo. Hii juisi ya stroberi ina E120, kwenye pakiti nyingine wataandika carmine au cochineal, ni kitu kimoja. Mnaujua mpungate, ule wenye madole na miiba? Kuna wadudu wadogo wanaishi juu yake, Peru ndo wanawafuga kwa wingi kuliko kokote, wanawakwangua, wanawakausha, wanawasaga, inatoka nyekundu nzuri sana, ndo hiyo iko ndani ya chupa. Mwaka 2012 Starbucks, wale wa maduka ya kahawa kule Marekani, waliiondoa kwenye vinywaji vyao vya stroberi baada ya wateja vegani kulalamika, wakaweka rangi ya nyanya, kwa hiyo kusema kunasaidia. Ila sio kila nyekundu ni mdudu, E162 ni bitruti, E124 na E129 ni za kiwandani, hazina mnyama. Kama una kijana anapenda juisi nyekundu muonyeshe hizo namba, wanazishika haraka kuliko sisi.

Mkate. Unga, maji, hamira, sukari, chumvi, mafuta, mpaka hapo safi, halafu E471, kile kinacholainisha mkate, na hii inaweza kutoka kwenye mawese au kwenye mafuta ya mnyama, maandishi hayakwambii. Nilichofanya nilipiga ile namba iliyoko kwenye mfuko, kaka aliyepokea hakujua, akasema dada nipe muda, kesho yake akanipigia mwenyewe akaniambia yetu ni ya mawese na maziwa hatuweki. Nilifurahi jamani. Huu mkate umepita, na nyie pigeni, namba imewekwa ipigwe.

Bia sasa, na watu wa Mwanza mtanielewa haraka. Mabondo mnayajua, lile puto la hewa la sangara ambalo bei yake inaishinda minofu, yanasafirishwa mpaka China kwenda kuliwa. Kitu cha jamii hiyo hiyo, bondo la samaki, ndo Wazungu wamekuwa wakisafishia bia na mvinyo miaka na miaka. Linakaushwa, linayeyushwa, linatiwa kwenye pipa, linakamata chembe za hamira zinazama nalo chini, bia juu inabaki inang'aa. Kinachobaki kwenye glasi ni kidogo sana na kwa sababu hiyo mara nyingi hawakiandiki, ndo maana hapa kusoma pakiti peke yake hakukusaidii. Guinness kule Dublin walitangaza mwaka 2015 kwamba wanaacha kutumia bondo, wakabadilisha mitambo ya kuchuja. Mbege ya bibi yangu ilikuwa ndizi na ulezi, nzito, haichujwi mpaka ing'ae, na hakuna samaki aliyeguswa.

Dawa sitaki mtu anielewe vibaya, kapsuli nyingi ni gelatini, lakini daktari akikuandikia meza, hata Vegan Society, kile chama cha kina Watson, maelezo yao yanasema kwa kadiri inavyowezekana. Vitamini B12 ndo unaweza kuchagua, na tunaihitaji sote kwa sababu mimea haina ya kuitegemea, tafuta ya tembe badala ya kapsuli.

Chakula kisicho na pakiti sasa, ambacho ndo tunachokula zaidi. Huku inabidi uulize vizuri. Juzi nimekaa kwa mama ntilie nikamuuliza mama haya maharage yana nyama? Akasema hayana nyama mwanangu, kula. Nimekula nusu sahani namsikia anamwambia binti yake ongeza supu ya ng'ombe kwenye sufuria ya maharage. Hakunidanganya. Niliuliza nyama, na nyama kweli haikuwemo. Tangu hapo nauliza hivi, mama umeungia nini? Umeweka kyubu ya kuku? Kisamvu umetia dagaa wa kusaga? Chapati ni mafuta au samli? Haya mafuta ya bajia umekaangia na samaki? Ukiuliza kwa heshima wanajibu, na wengine wanakutolea sufuria ndogo pembeni. Halua ya Zanzibar ina samli, naipenda ila naipita. Wali wa nazi, mchicha wa nazi, mihogo ya nazi, makande, hivyo bibi zetu walivila bila kulijua hilo neno vegani, na mimi ndo ninavyokula siku nyingi kuliko hizi biskuti.

Nimebakiza hiki hapa. Kitumbua, cha bibi wa kona ya kwetu, bado cha moto, angalieni ukingo ulivyokauka na katikati palivyo laini. Nimemuuliza kila kitu, unga wa mchele, tui, sukari, hamira, iliki, kikaango anapaka mafuta ya alizeti. Nikamuuliza na yai je? Akaniangalia, akasema yai la nini mwanangu, si kuna nazi. Nilinunua sita, shemeji yenu kashakula vinne, hivi viwili ni vyangu. Ngoja nikae.