Uzoefu wangu: kutembezwa Inveraray, mji uliohamishwa

Kama unataka picha tu, usilipe kiongozi. Inveraray iko Uskoti; basi kutoka Glasgow linakushusha kando ya Loch Fyne, ule mkono mrefu wa bahari, na mji wote uko mbele yako: kuta za chokaa nyeupe, fremu za madirisha nyeusi. Dakika kumi umeumaliza.

Mimi nililipa, na sijutii sana. Mama aliyetutembeza alianza kwa kutugeuza tuangalie kasri, akasema mji wa zamani ulikuwa kule, chini ya ngome ya zamani. Duke (cheo cha juu cha kikabaila) wa tatu wa Argyll, Archibald Campbell, aliporithi mwaka 1743 alitaka kasri jipya na bustani, bila majirani. Jiwe la msingi la kasri liliwekwa 1746. Mji nao ukapangwa upya kwenye rasi, chini ya kilomita moja kutoka pale. Kwa kwetu ningesema watu walihamishwa ili bwana mkubwa apate mandhari.

Hoteli kubwa inayotazama maji ilichorwa na John Adam miaka ya 1750. Mwandishi Mwingereza Samuel Johnson na rafiki yake Boswell, aliyeandika maisha yake, walilala humo 1773. Lakini mitaa mingi ilisubiri Duke wa tano na msanifu wake Robert Mylne. Arkland na Relief Land, yale majengo marefu ya wapangaji kwenye barabara kuu, ni ya miaka ya 1770. Tulipita haraka mno hapo, nami ndipo nilipotaka kukaa: watu wa kawaida waliishi humo.

Kilichonilipa fedha yangu ni kanisa. Mylne aliliweka katikati ya barabara kabisa, magari yanalizunguka, na ndani akaligawa kwa ukuta: upande huu ibada kwa Kiingereza, upande wa pili kwa Kigaeli, lugha ya kale ya Uskoti. Paa moja, migongo imepeana. Nikashika ukuta kwa nje, mvua ikinichuruzika shingoni, nikijaribu kukisia mpaka ulipo.

Malalamiko: kifaa cha masikioni kilikata palepale kanisani, na matembezi yaliyotangazwa kuwa ya saa mbili yaliisha kwa saa moja na robo, robo hiyo tukiwa dukani kwa sweta. Nyota tatu na nusu. Ukienda, simama karibu na kiongozi na uvae koti lenye kofia.