EnergyPlus na basementi yenye hita: digrii 18 zilivyonidanganya

Dada mmoja Mkenya hapa Minneapolis aliniita Februari nikamwangalizie basementi yake. Kuta ni zege tupu, hita ya gesi inasukuma hewa moto mpaka kule chini, na mpangaji bado analala na soksi mbili. Alitaka jibu moja tu: pesa aliyonayo ya kuzuia joto lisitoroke aitie ukutani au sakafuni? Nikamwambia ngoja niiweke nyumba kwenye EnergyPlus, ile programu ya bure ya Wizara ya Nishati ya Marekani inayokokotoa jengo litatumia nishati kiasi gani. Nimeitumia miaka kadhaa kwa maofisi na maghala. Chumba kilichozikwa ardhini sikuwahi kukijaribu.

Mara ya kwanza nikaipa basementi themostati ya digrii 20, kuta na sakafu nikaziandikia kwamba zinagusa udongo, nikabonyeza. Ikaisha bila kosa hata moja. Matokeo: kule chini gesi karibu haitumiki. Nikafurahi dakika kumi hivi.

Kumbe usipoiambia joto la udongo, EnergyPlus inajichukulia digrii 18 mwaka mzima. Namba hiyo inafaa majengo makubwa ya biashara, ambayo udongo wa chini yake hauachani sana na joto la ndani. Kwa nyumba ya huku ni kichekesho. Kusini mwa Minnesota sheria inataka msingi ushuke inchi 42, kama mita 1.07, kwa sababu ardhi huganda. Ukuta una barafu nje, programu inauona umeegemea udongo wa Nairobi.

Nikajitia ujanja. Nikachukua joto la udongo la kila mwezi kutoka kwenye faili la hali ya hewa, nikaliingiza. Programu ikanionya kwamba namba nyingine ziko nje ya digrii 15 hadi 25, nikapuuza, na safari hii gesi ikapaa. Joto lile ni la ardhi ya wazi isiyo na jengo juu yake. Nyumba yenye hita huupasha udongo wake yenyewe. Mwongozo unaonya waziwazi. Mvivu wa kusoma nilikuwa mimi.

Kilichoniokoa ni Kiva, sehemu ya ndani ya EnergyPlus inayokokotoa joto linavyopita kwenye msingi na udongo, saa baada ya saa. Unazielekeza kuta na sakafu kwenye msingi badala ya udongo, kisha unataja mzingo wa sakafu unaopakana na nje: mita 10 kwa 8, basi 36. Ukiusahau mzingo, haiendi popote. Inakula muda pia. Kompyuta yangu iliniachia nafasi ya kupika chai na kuinywa.

Hapo napo nikaacha kimo cha ukuta unaotokeza juu ya ardhi kama nilivyokikuta, mita 0.2. Ikabidi nirudi na tepu. Dada akashika ncha moja kwenye theluji: sentimita 60 za zege lililo uchi. "Injinia, na hiyo kompyuta haikuyaona haya?" Haikuyaona, maana sikuiambia. Nilipoisahihisha, gesi ikapanda tena, na picha ikaeleweka: joto linatorokea sehemu ya juu ya ukuta, ambako njia ya kufika hewani ni fupi. Katikati ya sakafu hupotea kidogo.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu EnergyPlus yenyewe haina dirisha la kuchorea. Ni maandishi na namba, na anayeanza atateseka. Ukiitumia kwa basementi, anza na Kiva moja kwa moja, na upime nyumba kwa mkono.

Dada ameshanunua mabamba ya foamu ya ukutani na jipsamu ya kuyafunika. Mpangaji amesema ataanza kwa kuvua soksi moja.