The Simpsons: Jirani Aliyemezwa na Sifa Yake Mwenyewe

Nimetazama upya misimu ya mwanzo ya The Simpsons, katuni ya Marekani iliyoanza kurushwa Desemba 1989, na aliyenigusa kuliko wote ni Ned Flanders. Mwanzoni Ned ni jirani ambaye yeyote angependa kuwa naye: mkarimu, mwenye nyumba nadhifu na watoto wenye adabu, na anayeshika dini yake bila kumsumbua mtu. Katika sehemu ya kwanza kabisa, Homer, baba wa familia ya Simpson na jirani wa Ned, anawasha taa zake za Krismasi na ni chache tu zinazowaka, kisha Ned anawasha zake na nyumba nzima inang'aa. Kinachomuuma Homer hapo ni wivu, wala si dini.

Miaka iliposonga, waandishi walishika sifa moja tu, yaani ucha Mungu wake, wakaivuta mpaka ikammeza mtu mzima, hata mashabiki wakaunda neno la kuueleza upotovu huo kutokana na jina lake. Homer naye, baba aliyevaa mavazi ya Santa Klausi dukani ili watoto wake wapate zawadi, aligeuzwa mpumbavu asiyejali, jambo lililonisikitisha sana.

Hata hivyo, sehemu moja ya mwaka 1996, ambamo kimbunga kinabomoa nyumba ya Ned naye anawafokea majirani walioijenga upya ovyo, inamrudishia utu wake wote. Misimu minane ya kwanza naipendekeza bila kusita. Inayofuata ichagueni kwa uangalifu.